Kibla Walichokuja Nacho

Hadi leo nikipita kituo cha mafuta hufungua dirisha la gari nivute pumzi, na wanangu huniuliza kama nimerukwa na akili. Kuwaeleza si kazi ya dakika moja. Kwangu mimi harufu ya petroli si harufu ya magari, ni harufu ya saa. Ni harufu ya kibanda cha mbao cha Abti Dahir, ambaye kila asubuhi alimimina petroli kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akatumbukiza humo vigurudumu vya saa vidogo kama ufuta, kisha akavisugua kimoja kimoja kwa mswaki uliochakaa. Nilikuwa narudi nyumbani nikinuka kama lori, na mama alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanajua nilikuwa wapi.

Abti, kwa sisi Wasomali wa Isiolo, ni kaka wa mama. Wangu alikuwa mrefu, mwembamba, na jicho lake la kulia lilikuwa na alama ya duara iliyoachwa na ile lenzi ya mafundi, hata akiivua ungedhani bado ameivaa. Kuta za kibanda chake zilijaa saa, na zote zilisema jambo moja. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Kila jioni redio ilipopiga milio yake sita kabla ya taarifa ya habari, alisimama katikati ya kibanda ameinua kidole, kimya kabisa. Saa iliyochelewa ilishushwa ukutani ikapelekwa "hospitali," yaani pale mezani, na mimi niliruhusiwa kuipa pole.

Alikuwa pia mwadhini wa msikiti wetu mdogo, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja. Kina mama wa maziwa ya ngamia walifunga madebe yao wakimsikia. Wauza nyama walinoa visu wakimsikia. Mama alimtania kila siku: "Wewe Dahir unajiharibia biashara mwenyewe. Nani ataleta saa itengenezwe, na wewe unatuambia saa bure mara tano kwa siku?" Naye alicheka tu, akaomba aongezewe chai.

Huo msikiti wacha niwaeleze, maana ndio kisa chenyewe. Ulijengwa na wazee wetu walioletwa na jeshi la mkoloni kutoka Berbera, bandari ya Wasomali mbali kaskazini mashariki, wakapigana vita vya watu wengine, wakaambiwa wakimaliza wakae hapa Isiolo. Mmoja wao alikuwa babake babu yangu. Walipiga chokaa kuta zake kwa mikono yao, wakajenga mihrabu yenye tao dogo, inayoonyesha kibla, yaani upande wa Kaaba tunaoelekea tukisali, na kando ya mji wakatenga makaburi ambamo maiti hulazwa uso ukielekea upande ule ule wa mihrabu. Sisi watoto tulilishwa habari hizo pamoja na maziwa. Ukimwaga uji uliambiwa wazee waliojenga msikiti hawakumwaga uji.

Jioni moja ya mwezi wa tano tulikuwa kibandani tukisikiliza kipindi cha Kisomali redioni. Shehe mmoja alieleza kwamba mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua husimama juu ya Kaaba sawasawa. Dakika hiyo, akasema, popote ulipo ukiliona jua, ukiligeukia umeigeukia Kaaba, na kila kivuli kimeipa mgongo. Akaitaja dakika yenyewe: mchana saa sita na dakika kumi na nane kwa Mei, saa sita na dakika ishirini na saba kwa Julai, na saa za kule na zetu ni zile zile. Abti alibaki na bisibisi mkononi.

"Hodan, umesikia? Jua lenyewe ni kidole!"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilichoelewa ni kwamba kutakuwa na mchezo. Na nyinyi mnaonisikiliza, tafadhali mniamini kwa hili: Abti hakwenda kutafuta kosa. Alikwenda kuuthibitishia mji kwamba wale askari wazee, bila kitabu wala chombo, walipiga mstari wakapata. Alitaka hata kuchora ule mstari uani kwa rangi, uwe kumbukumbu yao.

Siku yenyewe niliumwa na tumbo la uongo nisiende shule. Abti aliazima timazi kwa mwashi mmoja, ule uzi wenye chuma chini unaotumika kunyoosha ukuta, akauning'iniza kwenye boriti iliyochomoza nje ya paa la msikiti. Ua ulikuwa mtupu, adhana ya adhuhuri bado. Yeye alishika saa yake, mimi nikapiga magoti kwenye saruji ya moto na chaki mkononi. Akasema, "Sasa!" Nikapitisha chaki juu ya kivuli cha uzi, ulimi nje, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia tena kwa jambo lolote.

Tukaurefusha mstari kwa kamba mpaka ukapita ubavuni mwa msikiti. Ukuta ule ulikuwa ukielekea kibla, kwa hivyo mstari na ukuta vilipaswa kwenda sambamba kama reli. Havikwenda. Mwanzo wake kati ya mstari na ukuta ungeingiza kiganja, na mwisho wake ungepitisha punda na mzigo wake.

Abti aliufuata mstari kwa miguu mpaka mwisho, akarudi. Halafu alichuchumaa kando yangu, akasema polepole kama anayeongea na saa iliyovunjika, "Ukiwa Berbera, Kaaba iko upande huo. Upande huo hasa ambao ukuta unaangalia. Walikuja nacho kibla chao, Hodan. Walisimama hapa, kila mtu akageukia pale alipozoea kugeukia kwao." Akapitisha mkono juu ya ule ukuta wa chokaa mara mbili tatu. Kisha akafuta chaki yangu kwa maji ya udhu, akapanda kuadhini, na siku hiyo sauti yake ilikuwa chini kidogo.

Hakumwambia mtu. Alisema saa moja haiaminiki mpaka ilinganishwe na nyingine, basi tukangoja Julai. Mnaujua upepo wa Isiolo wa Julai? Unang'oa nguo kwenye kamba unazipeleka mtaa mwingine. Uzi ulicheza ngoma. Abti akatumbukiza kile chuma ndani ya ndoo ya maji, uzi ukatulia, nami nikachora tena. (Tumbo liliniuma tena siku hiyo, na mama alisema hajawahi kuona tumbo linalofuata kalenda.) Mstari uliangukia pale pale pa Mei. Abti alinishika bega, akaniuliza, "Umeona nini? Sema ulichoona, si ninachotaka."

Nikasema, "Msikiti umepinda, Abti."

"Msikiti haujapinda. Umekumbuka kwao. Lakini ulichoona umekiona, na mtu akikuuliza, usikikane."

Alikwenda kwa Sheikh Jama, imamu wetu, baada ya alasiri, wawili tu, kwa heshima zote. Alimwambia sala za nyuma hazina neno, Mungu anapokea nia ya mtu asiyejua. Anachoomba ni safu zigeuzwe kidogo tu. Sheikh Jama alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizopakwa hina na mfuko wa tende kwa ajili ya watoto. Lakini alikuwa amemzika mamake mwaka ule ule. Abti alinisimulia baadaye kwamba sheikh alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Unaniambia nimemlaza mama yangu na uso kando?"

Neno likishatoka halirudi. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa unasema Dahir fundi wa saa amekufuru, ati anasema wazee wetu walisali bure, ati amepima msikiti kwa uzi na ndoo kama mchawi. Wakamwita mzushi. Walimnyang'anya ufunguo wa msikiti na kipaza sauti, akaadhini mtu mwingine, aliyechelewa na aliyevuta herufi vibaya. Watu walikuja kuchukua saa zao hata zile ambazo hazijapona. Pale safuni aliposimama palibaki nafasi kulia na nafasi kushoto. Madrasani mimi niliitwa mpwa wa mzushi, na nilitokwa na damu puani mara mbili kwa ajili yake. Nilikuwa nimejaa fahari, wacha niseme ukweli. Nilijua jambo ambalo watu wazima wote hawakulijua.

Sheikh Jama alimpa mlango wa kutokea. Asimame Ijumaa baada ya sala, aseme amekosea, mambo yaishe. Abti akakataa. "Nikisema jua limekosea," alisema, "jua litanicheka." Wiki ikapita, na nyingine. Kibanda kilinyamaza, saa zikabaki zake tu. Aliendelea kusafisha vigurudumu vilivyokuwa safi tayari. Ningesema angeweza kuishi hivyo mpaka leo, maana alikuwa mkaidi kama ngamia aliyekataa kupakiwa.

Lakini palikuwa na Ayeyo.

Ayeyo ni bibi, mamake mama na mamake Abti. Kila Alhamisi alikuwa akienda makaburini kumsalimia Awowe, babu yangu, na alikuwa na desturi yake: alizunguka kaburi akasimama upande ule ambao Awowe ameuelekeza uso, akajifunika vizuri kama mke anayemfungulia mumewe mlango, ndipo akatoa salamu na habari za wiki. Nimesimama naye mara nyingi. Alimweleza bei ya sukari, nani ameolewa, ng'ombe gani ametoka mimba. Alhamisi moja, baada ya maneno kuenea, alirudi mapema. Alikaa kitandani, viatu bado miguuni.

Abti alipokuja na maziwa yake ya jioni, hakuyapokea. Alisema, "Dahir, baba yako anaangalia wapi?"

"Mama, Mungu haangalii pembe, anaangalia nia."

"Sikukuuliza habari za Mungu. Nimekuuliza habari za baba yako." Kisha akaanza kulia, bila sauti, vile wazee wanavyolia. "Nimefika pale sijui nisimame wapi. Nikisimama pale pa siku zote, labda ananiona kwa pembe ya jicho. Nikisogea, labda nimempita. Miaka yote hii, Dahir, nilikuwa naongea na bega lake?"

Abti aliyaweka maziwa chini, akakaa sakafuni miguuni pake. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la anjera, ule mkate wetu mwembamba. Ayeyo aliacha kula. Si kwa hasira, chakula kilimshinda tu. Alikunywa maji, alisali akiwa ameketi, na kila Alhamisi alivaa, akafika getini, akageuka. Wiki tatu hivi zilimtosha kuwa mdogo kama mimi. Daktari alisema ni moyo. Mama alisema ni Dahir, akamwambia hivyo usoni.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nimebanwa kati ya mama na Ayeyo, ambaye ilibidi tumshike mikono mpaka pale. Sala ilipokwisha nilimsikia Abti anakohoa. Ile sauti niliyoijua kuliko zote mjini ikasema, bila kipaza sauti, kila mtu akasikia:

"Assalamu aleikum. Mimi Dahir nimekosea. Uzi wangu ulikuwa na kasoro na saa yangu ilikuwa mbele. Wazee wetu walielekea Kaaba, na waliolala kule makaburini wanaielekea. Naomba mnisamehe."

Msikiti ulipumua. Ndio, niliusikia. Wanaume walimkimbilia, wakampa mikono, wakamkumbatia, na Sheikh Jama alilia waziwazi. Kando yangu Ayeyo alifumba macho akasema alhamdulillah, na rangi ikamrudia mashavuni hapo hapo nikimtazama. Mngedhani mtoto yeyote angefurahi.

Mimi nilitoka kwa pazia kama nyuki. Saa yake mbele! Ile saa? Uzi na kasoro? Uzi nilioushika mimi, kivuli nilichokichora mimi, mara mbili? Nilimkuta uani akivaa viatu, watu wamemzunguka wanacheka naye, na nikapiga kelele: "Mwongo! Wewe ni mwongo, Abti! Njia ya mwongo ni fupi!" Mama alinifikia kwa kofi moja ambalo bado nalisikia majira ya baridi. Watu wakasema, masikini, mtoto alikuwa ameshapotoshwa. Abti alinitazama tu, kiatu kimoja mkononi, na uso wake ulifanya jambo ambalo sikulielewa, nikadhani ni aibu. Nikasema moyoni, vizuri, aone aibu.

Sikukanyaga kibandani mwake kwa miezi kadhaa. Kipaza sauti alirudishiwa, saa zikarudi ukutani, na akiadhini mimi niliziba masikio. Ayeyo alikula. Alhamisi zake zilirudi, na safari yake ya kwanza makaburini ilichukua karibu asubuhi nzima, habari zilikuwa zimelimbikizana. Aliishi mpaka baada ya Ramadhani, akafariki usingizini, ametulia. Wanaume wakampeleka, sisi tukabaki nyumbani na maji ya moto na kilio. Abti aliporudi na udongo mikononi sikumpa hata pole. Mwanangu akinifanyia hivyo leo, sijui nitamfanya nini.

Hasira ya mtoto haina mizizi mirefu. Iddi moja alinipa pesa za sikukuu nikazipokea, na mambo yakaisha bila kuongelewa. Nilipokwenda chuoni alinifunga saa mkononi yeye mwenyewe. Nikaolewa, nikazaa. Uzi hatukuutaja kamwe. Nilimpenda tena, lakini ndani kabisa niliweka kijialama: huyu mzee, walipombana, alikana.

Mwaka jana vijana wa msikiti walileta zulia jipya. Wakatoa simu zao zenye dira, wakaziweka chini, simu zote zikaonyesha upande mmoja, na hakuna aliyepigana na simu. Wakabandika utepe, na sasa safu zinakwenda mshazari ndani ya chumba, watu wanasali wameielekea kona. Sheikh Jama alikuwa ameshafariki zamani. Kaka yangu Liban alinipigia simu kunieleza, tukacheka kidogo. Akasema kuna jambo hajawahi kuniambia, kwa sababu alilisikia kaburini, na ya kaburini hayasemwi.

Siku ya kumzika Ayeyo, Liban alikuwa mmoja wa walioshika shuka juu ya kaburi. Abti ndiye aliyeshuka kumpokea mamake. Kaburi lilichimbwa pana kidogo, kando ya Awowe. Sheikh Jama aliinama ukingoni, karibu kabisa, akanong'ona: "Dahir, huyu ni mama yako. Mwelekeze vile moyo wako unavyokuambia. Mimi naangalia kando." Na akageuza uso kweli, akatazama milima. Abti alibaki pale chini kitambo kirefu na mamake mikononi. Kisha, Liban anasema, alinyoosha mkono akagusa ukingo wa kaburi la babake, kama anayepima, akamlaza Ayeyo vile vile, sambamba na mumewe, sawasawa.

Nilipanda gari kesho yake. Nilimkuta Abti nje ya nyumba yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho hayafai tena kwa saa. Nilisubiri chai imiminwe. Nikamwambia, "Abti, siku ile uani nilikuita mwongo."

"Naikumbuka. Mbele ya watu wote. Sauti ulikuwa nayo, ungefaa kuadhini."

"Naomba unisamehe. Sikujua ulifanya kwa ajili ya Ayeyo."

"Nikusamehe nini?" Aligeuza uso kunitafuta. "Si nilidanganya? Nilikuambia mwenyewe usikikane ulichoona. Ulitii."

"Lakini nilikuumiza."

Akatikisa kichwa. "Sikiza, Hodan. Siku ile msikiti mzima ulinipa mkono. Walifurahi nimepona wazimu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nimesema uongo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameamini nilikuwa nasema kweli. Ukaja wewe, mdogo hivi, umekasirika hivyo. Nilivaa viatu nikaenda nyumbani, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikalia. Nikasema alhamdulillah, yuko mmoja."

Akaniambia ninywe chai, inapoa. Sikuweza kuinywa, maana nililia pale pale kibarazani, mama wa watoto watatu. Nikawa naufikiria ule uso wake na kiatu kimoja mkononi, uso niliousoma vibaya miaka yote hiyo. Mtoto wa miaka kumi angejuaje kwamba mtu akiamua kudanganya kwa ajili ya mama yake, anahitaji awepo angalau mtu mmoja atakayemkasirikia kwa sababu anaujua ukweli?